Wingu la Soksi

Mama alipanda kwenda kufua mashuka ya wageni kwenye ukingo wa kreta nikiwa darasa la nne. Baba alikuwa ameshahamia Mbulu kwa mwanamke mwingine, na shamba letu la Rhotia halikutosha kulisha watu watatu mwaka mzima. Kwa hiyo mama alichukua kazi ya londri katika hoteli moja ya huko juu, akaniacha na bibi, mama yake mzazi, akawa anarudi nyumbani siku nne kila mwezi.

Ukisimama uani kwetu asubuhi unauona ukingo wa Ngorongoro upande wa magharibi, na karibu kila siku kuna wingu juu yake. Ni jeupe, refu, limelalia msitu kutoka mwisho mmoja wa macho hadi mwingine. Magari ya wageni yalikuwa yakisimama barabarani ili walipige picha. Mama alipoondoka mara ya kwanza, bibi alinionyesha kwa kidole.

"Mama yako yumo humo ndani," alisema, kama mtu anayekuelekeza nyumba ya jirani.

Mimi nilidhani ndani ya wingu kuna joto. Lilionekana kama blanketi, na niliamini kuwa mama amejifunika vizuri kuliko sisi. Nilikaa na imani hiyo kwa miaka, na mama mwenyewe hakuwahi kunisahihisha.

Aliporudi siku zake nne, ya kwanza alilala mpaka jioni. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana na kupauka, na hata baada ya kuoga alinuka sabuni ya unga na mkaa. Siku ya pili alianza kuanika. Alitoa nje magodoro, mablanketi, sare zangu, shuka la bibi la kuvaa kanisani, mpaka mifuko mitupu ya mahindi. Bibi alikasirika.

"Hivi vitu ni vikavu. Unaanika nini?"

"Niache, mama. Huku kuna jua."

Akiwa kambani ndipo alipotaja mawingu. Alikuwa ameyapa majina yake kufuatana na yalivyoitendea kazi yake. Yale membamba ya juu kabisa, yaliyochambuka kama pamba, aliyaita mawingu ya soksi, kwa sababu jua likipitia humo linafika limechoka, na kule juu kwenye baridi linakausha soksi na leso tu. Yale ya mafungu meupe yanayotembea moja moja wakati wa adhuhuri yalikuwa mawingu ya foronya. Hayo aliyapenda, kwani katikati ya fungu na fungu jua lilipita kwa nguvu. Lile linalopanda kama mnara, tumbo jeusi na kichwa kilichotandazwa bapa, lilikuwa wingu la kuanua. Ukiliona limesimama upande wa mlima Loolmalasin, alisema, acha ulichoshika ukimbilie kamba.

La mwisho lilikuwa lile lisilo na umbo, linaloukalia ukingo siku tatu au siku tano mfululizo. Hilo aliliita la kulala, na akilitaja sauti ilishuka.

"La kulala halina mvua ya maana wala jua. Linakaa tu. Nguo zinalowana zikiwa kambani."

Nilikariri majina yote manne kama nilivyokariri sala.

Nilipofika kidato cha pili tulipata mwalimu mpya wa jiografia, kijana kutoka Morogoro, ambaye baridi ya kwetu ilimfanya avae jaketi mpaka saa sita mchana. Alifundisha kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, kisha akarudia kwa Kiswahili ili tuelewe. Siku ya somo la mawingu alituambia tugeuke tuangalie dirishani. Wingu lilikuwa pale pale juu ya msitu.

Alituambia kuwa hewa yenye unyevu inatoka Bahari ya Hindi, inasafiri juu ya nchi yote hii, kisha inafika kwetu na kukuta ukuta. Mlima haupitiki, hivyo hewa inapanda. Kadiri inavyopanda inatanuka, na ikitanuka inapoa. Hewa iliyopoa haiwezi kushika mvuke mwingi kama ilipokuwa na joto. Mvuke unajishika kwenye chembe za vumbi na moshi, unageuka matone madogo mno ambayo upepo unayamudu kuyabeba. Yakikusanyika mengi, ndilo lile tunaloliona.

"Kwa hiyo wingu ni maji," alisema. "Msije mkaniandikia kwenye mtihani kwamba ni moshi. Ukiingia ndani ya lile wingu pale, umeingia kwenye maji ya baridi."

Kalamu yangu ilisimama. Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilikuwa natazama dirishani, na kwa mara ya kwanza nilielewa mama yangu alikuwa wapi miaka yote ile.

Labda ndiyo sababu nilinyoosha mkono alipouliza nani anajua aina za mawingu. Nilitaka kumtaja mama, sijui kwa nini. Nilisimama nikasema kuna la soksi, la foronya, la kuanua na la kulala. Darasa lililipuka kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe alijizuia kidogo kisha akashindwa.

"Binti, hayo si mawingu. Hizo ni nguo. Kaa chini."

Akaandika ubaoni: sairasi, kumulasi, kumulonimbasi, stratasi. Niliyaandika kwenye daftari nikiwa nimeinamisha uso, na mpaka mwisho wa muhula wasichana wa darasa letu waliniita Soksi.

Mama aliporudi mwezi ule sikumpokea mzigo. Alikuwa anaanika mablanketi, akatazama juu, akasema leo ni foronya, hata magodoro yatakauka.

"Mama, hayo yanaitwa kumulasi," nilimwambia. "Na lile la kulala ni stratasi. Hayo majina yako hayapo."

Aligeuka kunitazama. Alikuwa na kibanio mdomoni, akakitoa taratibu.

"Stratasi," alirudia.

"Ndiyo. Usiwe unayasema mbele ya watu."

Alirudisha kibanio mdomoni akaendelea na kazi. Tangu siku hiyo hakunitajia tena wingu hata moja. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini hilo ndilo ninaloweza kuliona lote, na blanketi lenyewe la kijivu na mistari yake.

Likizo ya mwezi wa sita mwaka huohuo bibi alinituma nimpelekee mama sweta na dawa ya kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha muda mrefu. Nilipanda gari la wafanyakazi pale Karatu. Baada ya Loduare, geti la kuingilia hifadhini, barabara inaanza kupanda katikati ya msitu, na kwenye kona fulani jua lilizimika. Dereva aliwasha taa. Miti ilibaki vivuli, maji yakawa yanadondoka kutoka kwenye matawi ingawa mvua haikuwepo, na baridi ilipenya mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimeingia ndani ya wingu la uani kwetu. Halikuwa na weupe wowote, lilikuwa kijivu.

Mama alinipokea nyuma ya jiko akiwa na buti za mpira. Alikuwa amekonda. Alinipeleka moja kwa moja londri, kwa kuwa hakuruhusiwa kuacha kazi. Mashine ya kukaushia ilikuwa mbovu tena tangu Pasaka, kifaa chake kilikuwa kinasubiriwa. Kamba za nje zilikuwa hazina kazi msimu ule. Kwa hiyo walikuwa wamegeuza stoo kuwa chumba cha kukaushia: kamba kumi na mbili kutoka ukuta hadi ukuta, majiko matatu ya mkaa chini, na dirisha moja dogo lililofungwa na kuzibwa kwa taulo kuukuu ili ukungu usiingie. Mvuke ulipanda kutoka kwenye mashuka, ukagonga bati la baridi, ukarudi matone juu ya mashuka yaleyale. Nilisimama mlangoni nikaona mbele yangu somo zima la mwalimu wangu, limefungiwa ndani ya stoo pamoja na mama.

"Mama, huu moshi."

"Ni mkaa tu. Umeshazoeleka."

Jambo moja nililiona haraka. Waongozaji wa wageni wote walimtafuta mama. Kabla ya kupanga safari ya kushuka kreta, walipita mlangoni na kuuliza, "Mama Londri, kesho likoje?" Naye alitoka nje, akasimama kidogo, akahisi upepo unatoka wapi, akawaambia shukeni mapema, au ngojeni mpaka saa nne litakapoinuka. Kisha wao walikwenda kuwaambia wageni. Niliwasikia. Waliwaambia kana kwamba wamesikia wenyewe kutoka kwa wingu.

Siku ya tatu ya kukaa kwangu palikuwa na shughuli. Mume na mke wa makamo kutoka Ulaya walikuwa wamekuja na ndugu zao kurudia viapo vya ndoa, na walitaka ifanyike asubuhi kwenye baraza ya nje inayotazama kreta. Jioni ya kuamkia siku hiyo meneja alikutana na mama kwenye njia ya jikoni. Nilikuwa nimebeba naye kapu.

"Mama, kesho asubuhi tutaona chini?"

Mama alitua kapu. "Hapana, bosi. Upepo umegeuka, unatoka mashariki tangu mchana, na msitu umelowa. Litakaa. Kabla ya saa sita hamtaona kitu. Wekeni meza ndani."

Meneja alitoa simu yake, akaitazama, akamwonyesha. Palikuwa na picha ya jua.

"Simu inasema kweupe."

"Labda simu iko Arusha," mama alisema.

Meneja alicheka, akaondoka. Meza ziliwekwa nje.

Asubuhi wingu liliingia barazani. Naona ni sawa kusema liliingia, kwa kuwa lilipita kati ya viti. Vitambaa vyeupe vya meza vililowa vikaning'inia. Kreta yote, ile ambayo watu wanavuka bahari kuiona, ilikuwa ukuta wa kijivu umbali wa hatua tano. Bibi harusi yule wa zamani alisimama na shali mabegani akitetemeka, na mchungaji aliwahimiza kwa haraka. Nilikuwa nachungulia kutoka jikoni. Niliwaonea huruma, ingawa si sana.

Baadaye meneja alikuja londri. Nilidhani amekuja kuomba radhi.

"Ulijua," alimwambia mama. "Ungesema kwa nguvu zaidi."

Mama aliendelea kukamua shuka.

"Hivi vitambaa vyote vinatakiwa jioni. Wanakula chakula cha jioni ndani, na nataka meza zilezile. Na mashuka ya vyumba vyao pia."

Tulifua mimi na yeye. Mwenzake wa kazi alikuwa likizo. Saa saba mchana kamba zote zilikuwa zimejaa na mama akaongeza jiko la nne. Alinituma nikachukue mkaa nje, na kwa kuwa gunia lilikuwa limelowa ilinibidi nichambue makaa makavu ya chini. Sikukawia sana. Niliporudi na ndoo, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani ili joto lisitoke, na niliita bila kujibiwa. Niliupiga bega mpaka kitasa kikaachia.

Alikuwa chini kati ya kamba mbili, ameshika kona ya shuka. Nilimvuta kwa kwapa mpaka nje kwenye nyasi, nikarudi nikang'oa taulo dirishani na kufungua. Nilikuwa napiga kelele, lakini wengi walikuwa ukumbini wakipanga viti. Alilala pale kwenye ule unyevu, uso kama majivu. Ghafla akavuta pumzi, akakohoa, akafungua macho. Alitazama kwanza kule londri, si mimi.

"Funga dirisha," alisema. "Vitambaa vinaingia ukungu."

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mama dakika ile, kwa kusema vile. Ilinichukua miaka kuihamisha chuki hiyo na kuipeleka ilikostahili, na sina hakika kama yote ilihama.

Walimshusha Karatu hospitali. Daktari alisema amevuta hewa ya mkaa, lakini zaidi ya hilo kifua chenyewe kimeharibika muda mrefu, na asirudi kwenye unyevu. Mama alitaka kurudi. Baada ya wiki tatu ililetwa barua: hoteli inamshukuru kwa utumishi wake, na kwa kuwa afya yake haimruhusu, inamtakia heri. Pamoja na barua walileta mfuko wa zawadi. Bibi aliufungua mezani. Yalikuwa mashuka sita ya hoteli, yaliyochakaa katikati. Mama aliyatambua kwa mshono wa pembeni. Moja alikuwa amelishona mwenyewe.

Hakuyalalia. Bibi, ambaye hakuwa mtu wa kutupa kitu, aliyatumia kuanikia maharage ya ngwara wakati wa mavuno.

Usiku mmoja wa wiki hizo, tukiwa tunakula, nilimwambia mama nisamehe kwa yale ya stratasi. Alishangaa kuwa bado nakumbuka.

"Ulisema kweli," alisema. "Hilo la kwako ndilo jina lenye cheti." Halafu akaniongeza mboga.

Nilisoma, nikawa mwalimu, na somo langu ni jiografia. Watu wakiniuliza nilivutiwa na nini nawajibu vizuri, kama unavyojibu kwenye usaili. Naweza kueleza bila daftari kwa nini upande wetu wa mlima umenyeshewa na kuota msitu, wakati hewa ileile ikivuka ukingo na kushuka kuelekea Olduvai inapata joto, inakauka, na kuwaachia wafugaji wa kule vumbi. Darasani naeleza kwa utulivu. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza watu wa ndani ya wingu wanaishije.

Mwaka juzi nilipeleka wanafunzi arobaini kreta kwa ziara ya masomo. Tulisimama mahali pa kutazamia, ukingoni, na kando yetu palikuwa na kundi la wageni na mwongozaji wao, mwanamume mzuri wa maneno, mwenye kofia. Juu yetu palikuwa na sairasi nyembamba. Alizionyesha, akawaambia wageni kwa Kiingereza kuwa wazee wa Kimasai wa zamani waliyaita hayo mawingu ya soksi. Wageni walicheka kwa furaha. Mama mmoja aliandika kwenye simu yake. Mwongozaji aliendelea: kuna la foronya, kuna la kulala. Nadhani aliyapata kwa mwenzake, naye kwa mwenzake, na wazee wa Kimasai waliongezwa njiani ili yapendeze. Wamasai nao wana majina yao ya mawingu, ya watu wanaotafuta majani ya ng'ombe, na hayahusiani na soksi.

Ningeweza kusema. Nilikuwa umbali wa mita mbili. Nilinyamaza kwa kuwa dereva wa basi alikuwa anapiga honi na wanafunzi walikuwa wananitazama, na kwa sababu nilijiona tena nimesimama darasani na mkono juu.

Nilimwambia mama. Nilitaka akasirike ili nami nipate mahali pa kukasirikia.

"Walicheka vizuri au vibaya?" aliuliza.

"Vizuri."

"Basi."

Siku hizi haishi tena Rhotia. Bibi alifariki, na miezi ya baridi ilikuwa inambana mama mpaka anakaa kitandani wima usiku kucha ili apumue. Daktari alishauri nchi ya joto na kavu. Nilimpangia chumba Baray, bondeni kuelekea ziwa Eyasi, kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyeolewa huko na kulima vitunguu. Mama hakutaka. Nilimpeleka hata hivyo, kwa bodaboda mpaka Karatu na gari la mnadani mpaka kule, akiwa amekumbatia mfuko wake na hatazami dirishani.

Kifua kimepata nafuu, siwezi kukataa. Anatembea mpaka kisimani bila kusimama. Lakini hana mtu wa kusali naye kwa Kiiraqw cha kwetu, ndugu wa baba hakuwapenda tangu zamani, na vumbi la kule linaingia mpaka kwenye chumvi. Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa amefunga mizigo. Mfuko ulikuwa mlangoni, na alikuwa amevaa viatu.

"Nirudishe nyumbani," alisema.

"Mama, mwezi wa saba huu. Kule kuna baridi."

"Najua kuna nini."

"Utaumwa."

"Nitaumwa kwangu."

Nilimweleza tena alichosema daktari. Nilitumia sauti ninayotumia darasani, na niliisikia. Shangazi alikuwa anachagua vitunguu kibarazani, akajifanya hatusikii. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akavua viatu, akaviweka chini ya kitanda, akaurudisha mfuko ndani, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzikunja upya ingawa zilikuwa zimekunjwa.

Nilimuaga. Aliendelea kukunja. Gari lilipopiga honi nilimuaga tena kutoka mlangoni, na shangazi ndiye aliyeitikia.